Popi akiuma wanacheka, Watasema akipiga mwayo wanaitisha mkutano

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mjane wa miaka 41, naishi Gungu hapa Kigoma. Biashara yangu ni dagaa na mawese. Alfajiri nashuka Kibirizi mitumbwi ikirudi, nanunua, naanika, nafungasha, napakia kwenda Tabora na Dar. Leo sikuandikii habari ya mwanaume wala ya mawifi. Nakuandikia habari ya mbwa, na atakayecheka acheke.

Mbwa huyu aliletwa na marehemu mume wangu miaka minne iliyopita, baada ya magunia yetu ya dagaa kuibwa uani mara mbili. Baba yake jemani shepadi, mama yake mbwa wetu hawa wa kienyeji. Alikuja ndani ya kapu la sokoni, mdogo kama paka. Leo kichwa chake kinanifika kiunoni, mgongo mweusi, masikio yamesimama kama pembe. Mume wangu akamwita Watasema, kwa sababu watu walishaanza kusema: eti hawa hata mboga inawashinda, wanafuga mbwa wa kizungu. Tangu aje, hakuna gunia lililopotea. Na tangu azaliwe hajamuuma mtu. Hata kuku hajamgusa.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ana kijibwa kinaitwa Popi. Cheupe, manyoya kama pamba, waliletewa na binti yao kutoka Dar. Popi hafungwi. Mchana analala kwenye kochi, jioni anapita chini ya geti na kukimbiza kila apitaye, anakamata pindo la suruali na kulitikisa. Mwenye nyumba anacheka, anasema, “Mwacheni, naye anajiona askari.” Ameshamuuma muuza maji kisigino. Ameshamuuma fundi umeme. Wiki tatu zilizopita akamuuma kitindamimba wangu wa darasa la pili kwenye kigimbi. Vitundu vinne, damu kidogo. Jirani akaleta spiriti na pipi, tukacheka, yakaisha.

Sasa sikia ya Watasema. Mchana namfunga mnyororo chini ya mpapai, usiku namfungua alinde. Ijumaa moja niliondoka kwenda Kibirizi kwa haraka, komeo la geti halikuingia sawasawa, akatoka. Alisimama tu barabarani. Mzee wetu mmoja alikuwa anakwenda msikitini kuswali alfajiri, akamwona, akatupa tochi, akakimbia, akaanguka na kuchubuka goti. Watasema akainusa kandambili iliyobaki njiani, akarudi ndani. Nimesimuliwa na bodaboda aliyeshuhudia mwanzo mpaka mwisho.

Wakaitisha mkutano wa mtaa. Mama mmoja akatoa ushahidi kwamba alipita kwangu mchana akamwona mbwa amefungua mdomo wote, akaonesha meno mpaka magego. Shangazi, mbwa alikuwa anapiga mwayo! Mwingine akasema mbwa ni najisi, hatakiwi karibu na njia ya msikiti. Hilo sitaki kuliingia, mimi ni Mkristo. Nilipouliza, na Popi je, ukumbi mzima ukacheka: “Popi naye mbwa?” Uamuzi ukawa kwamba mbwa wakubwa wa kizungu hawafai mtaani, nimepewa wiki mbili nimwondoe. Kijana mmoja aliyekaa nyuma akasema wiki mbili za nini, inatosha kipande cha nyama. Wakacheka tena.

Jirani naye amenuna. Anaamini jina Watasema namsema yeye.

Nina kaka yangu Kasulu anasema nimpeleke kwake. Wanangu wanalia. Nikimwondoa, wezi watarudi. Nikigoma, nitaonekana jeuri, nami ni mwanamke peke yangu. Nifanyeje?

Mwenye Watasema, Gungu, Kigoma

—

Marahaba mwanangu, na pole na yote.

Sitaanza na Watasema. Nitaanza na mtoto. Habari za mkutano umeniandikia kwa kirefu, na goti la mzee, na kandambili. Kitindamimba wako aliyetobolewa kigimbi na meno ya mbwa umempa mstari mmoja, spiriti na pipi, “tukacheka, yakaisha.” Nilipofika hapo niliweka chini kikombe cha chai. Sasa nijibu kwa moyo mweupe: angekuwa ameumwa na Watasema, mngecheka? Ungembeba usiku ule ule mpaka hospitali, na jirani angekufuata nyuma anapiga kelele.

Virusi vya kichaa cha mbwa hukaa kwenye mate. Kupita kwake hakuhitaji taya kubwa, kitundu cha sindano kinatosha. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, karibu wote Afrika na Asia, na watoto ni wengi miongoni mwao, na katika vifo 100 vya binadamu, 99 chanzo chake ni mbwa. Dalili zikishatokea, ugonjwa hauponi. Ndiyo maana mtu akiumwa, na mbwa yeyote yule, kidonda kinaoshwa papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kwa saa, kisha anapelekwa hospitali kuanza chanjo. Spiriti inaweza kufuata baada ya sabuni. Pipi mpe ukipenda.

Sikutishi, maana ipo nafuu. Mbwa aliyeuma akiwa na virusi kwenye mate, huwa anaugua na kufa ndani ya siku chache, kwa hiyo mbwa aliyeonekana huangaliwa siku 10. Zikipita yu mzima, hakumwambukiza mtu siku ile. Zimepita wiki tatu, na kama Popi angali anatikisa suruali za watu, hofu kubwa imepita. Hata hivyo kesho asubuhi mpeleke mtoto, mweleze mganga tarehe na aliyemuuma, aangalie na habari ya pepopunda. Na muulize jirani kadi ya chanjo ya Popi iko wapi. Nina wasiwasi jibu litakuwa kicheko.

Sasa tuje kwa Watasema wako.

Ninyi nyote pale ukumbini, nawe ukiwemo, mmepima mbwa kwa kilo. Mkubwa ni mkali, mdogo ni mchezo. Kwa kipimo hicho mkubwa amehukumiwa kwa mwayo, na mdogo amesamehewa damu ya watu watatu. Wenzetu waliokaa wakachunguza tabia za mbwa wamekuta mambo tofauti na macho yanavyodhani. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania huko Marekani walikusanya majibu ya maelfu ya wenye mbwa kuhusu aina zaidi ya 30. Katika walioongoza kwa kuwabwekea na kuwauma watu walikuwamo chiwawa, anayeenea kwenye mkoba, na dachshund, yule wa miguu mifupi na mgongo mrefu kama mkate wa boflo. Mwaka 2022 ukatoka utafiti mwingine wa mbwa zaidi ya 18,000, ukaonesha kwamba aina ya mbwa inaeleza kama asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Asili ina sehemu yake, lakini kinachobaki ni kingi mno kuhukumu mbwa kwa sura.

Kwa nini vidogo vinakuwa vijeuri? Mimi nadhani umeshanijibu mwenyewe kwenye barua. Popi akikamata pindo la suruali, anachekewa. Watasema akiwa mtoto wa miezi mitatu, akatafuna kiatu cha marehemu, nina hakika alikemewa. Huko Vienna walifanya utafiti wa hilo hilo, wakakuta wenye mbwa wadogo hawana msimamo katika malezi, leo anakatazwa, kesho anaachiwa, na hawashughuliki nao kwa mafunzo kama wenye mbwa wakubwa. Kijibwa kinachorukia wageni kinabebwa kwapani. Mbwa wa kilo 35 akifanya vile anaitiwa polisi. Basi mmoja hafundishwi kamwe, na mwingine hasamehewi kamwe.

Na huyo baba yake Watasema, ambaye watu humwita mbwa wa polisi, jina lake la Kijerumani maana yake ni mbwa wa wachungaji. Alianza kuandikishwa kama aina yake mwaka 1899, kazi yake kuzungusha kondoo. Mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, mji wa Oldenburg ulifungua shule ya mbwa wa kuwaongoza askari waliopofuka vitani, na waliofundishwa walikuwa hao hao. Askari asiyeona anashika mkanda, mbwa anamvusha barabara. Sisi tulimjua akiwa upande wa pili wa geti la tajiri, au mkononi mwa askari, amefundishwa kutisha. Hofu ya watu wa Gungu haikutoka hewani, na usiwadharau kwa hiyo.

Hapa ndipo nakugeukia wewe, mwanangu, maana barua yako inaomba nikupe ushindi wote, nami sina.

Mbwa mkubwa hana dhambi zaidi, ila ana uzito zaidi. Popi akikosea, ni vitundu vinne kwenye kigimbi. Watasema akikosea siku moja tu, kwa mtoto, tutazungumza mengine kabisa. Kwa hiyo mwenye mbwa mkubwa anadaiwa komeo linaloingia, kila siku, hata siku ya haraka. Mzee hakujua kwamba Watasema anapenda kunusa kandambili. Alichokiona gizani ni mnyama aliyemfika kiunoni, hana kamba, hana mwenyewe. Mimi ningekimbia kabla yake. Umekwenda kumpa pole? Kwenye barua sikuona. Umemsikiliza bodaboda, umenieleza mimi, mzee hujamwendea.

La pili ni mnyororo. Mbwa anayefungwa mchana kutwa sehemu moja, watoto wanapita wanamrushia mawe, hawezi kukimbia wala kujificha, huyo anajifunza njia moja tu, kurukia. Watu wengi wanaamini mnyororo ndio unaomfanya awe mlinzi mzuri, wakati unachofanya ni kumtia woga na hasira. Hata ule mwayo ulioletwa mkutanoni nina mashaka nao. Mbwa asiye na usingizi akipiga mwayo mbele ya mgeni, akageuza uso, akajilamba pua, mara nyingi ana wasiwasi, anaomba umbali. Shahidi alikuwa sahihi kwamba kuna neno, alikosea neno lenyewe. Uza gunia moja la dagaa, nunua mabanzi na waya, zungushia kona ya uani yenye kivuli, mpapai huo huo ukiwa katikati, awe huru ndani yake. Afungiwe humo mchana, na alfajiri pia kabla hujaufungua mlango wa kwenda Kibirizi. Komeo mbili, si moja. Jioni mtembeze kwa kamba fupi, wewe mwenyewe. Wiki ya kwanza watu watahama njia. Wiki ya tatu watoto wataanza kuuliza anakula nini. Waambie ukweli, ugali wa dona na dagaa waliovunjika, yaani anakula kama wao. Atakayetaka kumgusa, asimame kwanza, mbwa amnuse mkono, asimkumbatie shingoni wala kumshika akiwa anakula. Na kama hajahasiwa, muulize bwana mifugo. Dume lililohasiwa halina haja kubwa ya kuzurura.

Kwa mzee nenda kesho baada ya kumtoa mtoto hospitali. Nenda na khanga yako kichwani na tochi mpya, umwambie, “Baba, nimekukosea, geti lilikuwa langu.” Usimwambie kwamba mbwa haumi. Kila mwenye mbwa husema hivyo, na mtu mwenye goti lililochubuka hana haja ya kulisikia.

Habari ya najisi umesema hutaki kuingia kwa kuwa wewe ni Mkristo, na ni adabu njema. Mimi nimekaa chuoni utotoni, wacha niseme kidogo, mengine yatasemwa na shehe. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo Waislamu wengi wa huku kwetu tunayafuata, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichoramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Hakuna palipotajwa kilo. Pamba ya Popi ikilowesha kanzu ni yale yale. Tena ukisikiliza vizuri, mbwa walioruhusiwa katika hadithi ni wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba, na wapo wanazuoni waliolinganisha na hayo ulinzi wa nyumba. Aliye karibu na ruhusa hiyo ni nani, anayelinda magunia uani au anayelala kwenye kochi? Swali hili usiliulize wewe mkutanoni, litakuwa uchokozi. Muombe shehe wa msikiti ule ule aliseme yeye. Mzee wetu huenda akalisikia kwake.

Mkutano. Mtaa una haki ya kulalamika, na mtu aliyeanguka barabarani si jambo la kupuuza. Lakini hoja ya “mbwa wakubwa wa kizungu wasiwepo” imeshajaribiwa na wenye serikali zenye nguvu kuliko mwenyekiti wako. Uholanzi walipiga marufuku mbwa wa aina ya pitbull mwaka 1993, na mwaka 2008 wakatangaza kuifuta sheria hiyo kwa sababu watu waliendelea kuumwa vile vile. Uingereza wana sheria ya mwaka 1991 yenye orodha ya aina zilizokatazwa, na mpaka mwaka 2023 walikuwa bado wanaongeza aina mpya. Orodha inarefuka, mbwa wa jirani asiyefundishwa anabaki. Nenda kwa bwana mifugo wa kata kabla wiki mbili hazijaisha, chukua kadi ya chanjo, mwombe aje aone uzio na mbwa, kisha uje naye mkutanoni. Huyo ndiye mwenye taaluma ya jambo hili. Pendekeza kwa mwenyekiti, kwa upole, kanuni ya mbwa wote wa mtaa: kila mmoja na kadi, kila mmoja nyuma ya geti, na mwenye mbwa aliyeuma agharimie matibabu. Usimtaje Popi. Kanuni itamkuta yenyewe kwenye kochi.

Yule kijana wa kipande cha nyama usimchekee. Nyama yenye sumu ikirushwa uani haichagui, inaliwa na kuku wa jirani, inashikwa na mtoto wa darasa la pili. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, na sumu ni mateso. Mwambie mwenyekiti kwa maandishi kwamba maneno hayo yalisemwa mbele yake. Na mfundishe Watasema kutokula chochote asichopewa na mkono wako. Inachukua majuma, lakini inawezekana. Anza na dagaa waliotupwa chini.

Kasulu sahau kwa sasa. Mbwa wa miaka minne anayeng'olewa kwao ghafla anatoroka au anabadilika, na huyo kaka yako sijui kama geti lake lina komeo. Bakisha safari hiyo iwe ya mwisho kabisa, mengine yote yakishindikana.

Jirani yako, nenda naye pamoja siku ya bwana mifugo. Yeye ambebe Popi, wewe umshike Watasema kamba, wachanjwe foleni moja. Mkiwa pale mwambie kwamba mtoto wako aliumwa na wewe ulikosea kucheka. Anza na kosa lako, la kwake atalitaja mwenyewe, kama ana haya kidogo.

Jina usilibadilishe. Ameshalizoea, na aliyempa hayupo tena wa kuulizwa. Ila jioni ukimwita aingie ndani, mwite kwa sauti ya chini, ukiwa umegeukia upande wa ziwa. Ukigeukia ukuta wa jirani, mtaanza upya.

Shangazi